Siku Njiwa wa Baba Mkwe Walipolikataa Paa Langu

Siku hiyo njiwa wote wa baba mkwe wangu waligoma kushuka.

Haji Zenhom alipiga mluzi. Akapunga bendera yake nyekundu. Akatikisa kopo la mahindi mpaka mkono ukamlegea.

Wapi!

Kundi zima likawa linazunguka tu juu ya Imbaba, mtaa wetu wa Cairo, linachungulia chini kama wageni waliofika kwenye harusi wakakuta matanga.

Kisha mmoja akachoka. Zumurrud.

Huyo Zumurrud ni kipenzi cha roho ya mzee. Mama mkwe husema, kwa uchungu kabisa, kwamba tangu aolewe hajawahi kuitwa majina matamu kama anayoitwa yule ndege.

Zumurrud akakunja mbawa, akateremka.

Kwenye paa la Shawki, muuza nyama.

Nikasikia wavu ukianguka, pwaa! Na Shawki ng'ambo ya uchochoro akipasua koo kwa furaha: "Karibu, bibi harusi! Karibu kwako!"

Baba mkwe akageuka taratibu. Hakumtazama Shawki. Alinitazama mimi.

Maana paa letu lilikuwa jeupe pee. Na aliyelipaka ni mimi.

Ngojeni nianze mwanzo.

Naitwa Mwatumu. Wa Tanga kwa kuzaliwa, wa Imbaba kwa ndoa. Tunakaa ghorofa ya tano, ya mwisho kabisa, mimi na mume wangu Hamdi, kinyozi, na binti yetu Malak ambaye bado anatambaa. Wakwe zangu wako ghorofa ya kwanza. Juu ya vichwa vyetu ni paa bapa la zege, na juu ya paa kuna banda la njiwa la mzee.

Sasa sikieni. Kuishi chini ya zege tupu Cairo mwezi wa saba ni kuishi ndani ya chungu ambacho mtu amesahau kukiipua. Mchana jua linalipika zege. Usiku zege linakupika wewe.

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma kutwa kucha, na bado Malak alikuwa na vipele vya joto shingo nzima. Umeme wetu ni wa kadi. Tunaijaza leo, kabla wiki haijaisha mita imeanza kulia tiit, tiit, tiit, kama mtoto wa pili ndani ya nyumba.

Jioni moja Hamdi akaichomoa kadi, akaitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Mwatumu, hiki kiyoyozi nakiuza."

"Unauza? Na mtoto atalalaje?"

"Atalala kama nilivyolala mimi nikiwa mdogo."

"Ndiyo maana umekua hivyo."

Akacheka, lakini kicheko cha mtu ambaye hajabadili mawazo. Nikamwomba anivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Umeme ukiendelea kutafunwa vile, basi akiuze, sitatia neno.

Nikabaki na mwezi mmoja, mtoto mwenye vipele, na kichwa changu mwenyewe.

Jibu lilinijia kwa nyayo.

Nilikuwa nimeanika bamia juani kule juu, juu ya shuka jeupe. Nikapanda kuzianua, kandambili zikakatika njiani. Nikakanyaga zege peku. Mama yangu! Niliruka kama mahindi ya bisi. Nikavuta lile shuka na bamia zake, nikakimbilia pale lilipokuwa limetandikwa.

Pale zege lilikuwa vuguvugu tu. Unaweza kusimama, ukapiga hata soga.

Nikarudisha mguu mmoja kwenye zege tupu. Moto. Nikaurudisha mahali pa shuka. Poa.

Nikasimama pale kama mwehu, mguu huku, mguu kule. Nikajisemea: kumbe jua likikuta cheupe linarudishwa lilikotoka. Sisi tulikuwa tunalifungulia mlango, halafu tunakilipa kiyoyozi kulifukuza.

Nikashuka moja kwa moja hadi ghorofa ya kwanza.

"Baba Haji, nataka kupaka chokaa paa zima."

Mzee alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikasimama hewani.

"Unataka kupaka nini?"

"Chokaa. Nyeupe. Nyumba itapoa."

"Binti yangu, njiwa anaijua nyumba yake kutoka mawinguni. Kesho wewe ukirudi ukakuta nyumba yenu imekuwa ya kijani, utaingia?"

"Kama ina ubaridi, naingia."

Mama mkwe akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Mzee akamkata jicho.

"Haya. Paka. Lakini sikia sharti langu. Njiwa wangu mmoja tu akienda kwa Shawki, hiyo chokaa utaikwaruza wewe mwenyewe, kwa brashi ya waya, mpaka paa lirudi kama lilivyokuwa."

"Nimekubali."

Hamdi aliponisikia akashika kichwa. "Umeweka sharti na baba? Kuhusu njiwa? Si bora ungecheza kamari!"

Lakini jua lilipopungua alipanda na rola. Tulilifagia paa, tukaliosha, tukakoroga chokaa na chumvi na gundi nyeupe ili isitoke ikikanyagwa. Mama mkwe akatuletea shuka kuukuu la kuchujia. Tukapaka, ikakauka, tukapaka tena. Tulipomaliza tulionekana kama mandazi yaliyoangukia unga.

Na ndipo, chokaa ilipokauka, mzee akafungua banda.

Yaliyofuata nimeshawasimulia.

Sheria ya wafuga njiwa wa huku ni ngumu: ndege akitua kwako ukamnasa, ni wako. Kumwomba aliyemnasa amrudishe ni aibu ambayo mtaa utaiimba mpaka wajukuu. Wale wengine walishuka baadaye, kwa njaa. Zumurrud alilala kwa Shawki.

"Baba Haji, ni njiwa mmoja tu..." nikajaribu.

"Mmoja? Huyo si njiwa mmoja. Huyo ni Zumurrud." Akageuka kwenda zake. "Kesho. Brashi ya waya."

Sikulala. Siyo kwa joto. Nililiwazia lile paa langu, mwezi unaokatika na kiyoyozi kinachosubiri mnunuzi.

Kesho yake, adhuhuri, jua la kupasua mawe, mzee akapanda ngazi zote tano na brashi mkononi. Alifika mlangoni kwetu anahema, jasho limemlowanisha kanzu.

"Twende," akasema.

"Baba Haji, jua hili litatuua wote. Ingia upumzike kwanza, lipoe kidogo."

Akanuna, lakini akaingia. Nikampa karkade, yale maji mekundu ya maua ya rosela. Malak akatambaa hadi miguuni pake, akadaka pindo la kanzu. Mzee akampakata. Nikaenda jikoni kupepeta mchele. Niliporudi, wote wawili walikuwa wamelala kwenye kochi, mjukuu juu ya kifua cha babu, wanakoroma kwa zamu.

Hakuamka mpaka adhana ya alasiri.

"Leo mashine yenu inapuliza vizuri," akasema, akijinyoosha.

"Imezimwa, Baba Haji."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Akainua uso akatazama dari. Akanyanyuka, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale kidogo kama anayempima mgonjwa homa. Kisha akamtazama Malak shingoni.

Akaokota brashi yake. Akaelekea mlangoni. Akashuka.

"Na paa?" nikamuuliza mgongoni.

"Magoti yananiuma leo. Kesho."

Kesho akasema upepo mbaya. Siku iliyofuata akasema chokaa mbichi haikwaruziki, atakayebisha aende akaulize. Nami niende kumuuliza nani?

Siku zikasogea. Njiwa wakazoea, wakawa wanashuka bila mluzi. Kitu kimoja tu kilinikera: barafu. Kila asubuhi najaza chupa za maji kwenye friza, mchana nakuta hazipo.

"Hamdi, unapeleka barafu kwa wateja wako?"

"Wallahi sijui barafu yako!"

"Basi inayeyuka ikaondoka kwa miguu?"

"Labda friza limeona wivu, nalo linataka chokaa."

Nikaachana naye.

Kisha likatokea la kutokea. Dume la njiwa la Shawki, Pasha, kifua mbele kama mbunge, likajitoa kwenye kundi lake adhuhuri ya moto na kutua juu ya paa letu jeupe.

Pwaa! Wavu.

Mzee alipiga kelele mpaka Malak akaamka.

Jioni hiyo kahawani hakukaliki. Mzee kasimama katikati, mpira wa shisha mkononi kama fimbo ya mfalme. "Siri ni weupe, jamaa! Weupe unaita njiwa! Ndege naye ana miguu, ati. Akanyage kaango la Shawki au akanyage kwangu?"

Baada ya Pasha wakaja wengine wawili. Shawki akaanza kukonda. Mwishowe akapiga hodi kwetu, shati limetuna tumboni.

"Haji, tubadilishane. Na yasiende kahawani."

Akafungua vifungo. Ndani akatoka Zumurrud.

Mzee alimpokea kwa mikono miwili, akambusu kichwani. Mama mkwe akageuzia uso ukutani. "Mungu anaona," akasema.

Wiki hiyohiyo Shawki alinunua chokaa. Akafuata mfuga njiwa wa kona. Akafuata mwenye bata, na hata leo sijui bata wanahusikaje. Ukipanda juu ukatazama, mtaa wetu ulikuwa kama meza iliyotandikwa kwa wageni.

Sasa mnangoja niwaambie kuhusu umeme.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Hamdi alisimama mbele ya mita akaigonga kwa kidole.

"Imeharibika?"

"Kwa nini?"

"Mbona hailii?"

Nisiwadanganye, kiyoyozi hakikustaafu. Usiku ule mzito wa mwezi wa nane tulikiwasha kama kila mtu. Ila sasa kinapoza, kinanyamaza, kinapumzika, na kadi iliyokuwa haimalizi wiki ikawa inaivuka kwa siku kadhaa. Ghorofa ya kwanza hawakuhisi chochote, maana wao paa lao ni sisi. Na vumbi la Cairo halina adabu, usipoliosha paa weupe unageuka kijivu na joto linarudi. Lakini vipele vya Malak vilikauka. Na neno kuuza halikutajwa tena.

Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Mpaka adhuhuri moja nilipopanda kuanika nguo saa ambayo kwa kawaida sipandi.

Nikamkuta Haji Zenhom amechutama nyuma ya banda. Mbele yake beseni pana la maji. Ndani ya beseni zinaelea chupa za barafu.

Chupa zangu.

Njiwa wamelizunguka wanaoga, wanatikisa mbawa, na kando yake kuna dengu zilizolowekwa zimemwagwa kama za sadaka. Angani kundi la njiwa wa watu wengine linazunguka, linatazama chini kwa matamanio.

"Baba Haji!"

"Shhh! Utawafukuza."

"Kumbe ni wewe na barafu yangu! Kwa hiyo siyo weupe unaoita njiwa?"

"Weupe hauiti hata nzi."

"Na wale wote waliopaka?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga. "Wamepata hasara gani? Shawki mwenyewe siku hizi analala mchana. Mkewe kamwambia mama yake Hamdi."

Nikaketi juu ya paa. Adhuhuri, nimeketi juu ya zege, siungui.

"Kwa nini hukusema tu kwamba nyumba imepoa?"

Mzee akachezesha barafu kwa kidole.

"Ningesema nini kahawani? Kwamba niliweka sharti, nikashindwa kulisimamia kwa sababu nililala kwenye kochi la mke wa mwanangu? Zumurrud nilijua nitamrudisha. Njiwa ananaswa, anakombolewa. Yule mtoto alikuwa na vipele, binti yangu." Akainuka, magoti yakalia. "Lakini mwanamume hawezi kurudi nyuma hivihivi mbele ya Shawki. Lazima apate sababu ya njiwa."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Mimi nilipanda na kushuka zile ngazi nikiamini kazi yangu ni kuwaonyesha watu ukweli. Kumbe mzee aliuona siku ileile, kiganja chake kikiwa ukutani. Alichokosa ni mlango wa kuingilia bila kuinama, akauchonga mwenyewe, na mtaa mzima ukapita humohumo.

Basi ukiwa na jambo jema na mtu wako kakaza shingo, usimwongezee hoja. Mtafutie njiwa wake.

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Akafikiri sana, akakubali.

"Ila uandike kwa lugha ya kwenu," akasema. "Shawki asije akasoma."