Tawi Lililowapa Wageni Mgongo

Shizuno Hayakawa alikuwa na miaka arobaini na moja, na bado mama yake alimsahihisha mbele za watu. Ndivyo mafunzo ya kupanga maua yanavyokwenda Kanazawa: mwanafunzi anapanga, mwalimu anakata na kuinamisha anavyoona, mwanafunzi anainama na kushukuru. Hakuna kubisha.

Siku hiyo ya Januari alikuwa apewe jina la warithi wa shule ya nyumba yao. Akishalipokea, kazi aliyoipata kwenye kitalu cha miche huko Takayama, kwenye mimea yenye mizizi, basi tena. Mrithi haihami nyumba.

"Mama, mimi jina hilo silitaki," alikuwa amesema asubuhi.

"Kwani nani kakuuliza?" Mama Hatsue alimjibu huku akifuta mkasi. "Kavae kimono."

Shizuno akaamua kulipoteza jina hilo kwa mikono yake mwenyewe. Mbele ya wageni alichomeka tawi la msonobari kwenye kitako cha misumari ndani ya bakuli, kisha akaligeuza. Upande wa chini wa majani, ule usioona jua, ukawaelekea wageni. Hata mwanafunzi aliyeanza jana hasamehewi kosa hilo. Ni sawa na kumpa mgeni mgongo.

Mzee Kuroda, mwanafunzi mkongwe kuliko wote, akakohoa. "Jamani, binti huyu kala nini leo?"

Shizuno akasubiri. Alitaka atukanwe, afukuzwe.

Hatsue akapiga magoti mbele ya bakuli na kulitazama kwa muda. Akakata vitawi viwili, akalilaza tawi mpaka ncha yake ikakaribia maji.

"Theluji," akawaambia wageni. "Msonobari wetu ukielemewa na theluji huonyesha tumbo. Nimefundisha maisha yangu yote, sijathubutu kuupanga hivi."

Watu wakaguna kwa kuridhika.

"Kumbe! Mimi nilidhani kalewa," Kuroda akasema, wakacheka.

Hatsue akamwinamia binti yake, tabasamu likiwa pale pale. "Hata ungelivunja bakuli, mwanangu, ningewaonyesha uzuri wa vigae. Haya, shukuru."

Shizuno alilitazama tawi. Lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Asante kwa kunisahihisha, mwalimu."

Makofi yakapigwa. Kabla hajainuka, mtu mmoja nyuma alikwisha kumwita kwa jina jipya, naye akaitika.