Punda Naye Aulizwe

Nakumbuka siku moja, Mwanangu, nimekaa mchangani pale Kakuma, ukingoni mwa mto mkavu wa Tarach, nikidanganya watu bila kutamka neno la uongo. Nimeikumbuka kwa sababu juzi ulinisomea barua yenu ya kuomba ufadhili wa utafiti, na kila mstari ulikuwa watu, watu, watu. Nilinyamaza. Leo nasema.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na kwa kuwa nilifika darasa la nne, Kiswahili changu kilionekana kikubwa. Wakaja watafiti na pesa za wafadhili. Walitaka kubuni kisima cha pampu pamoja na sisi wanawake, si kutuwekea tu na kwenda zao. Hilo lilikuwa jema, sitalisema vibaya. Kiongozi wao alikuwa dada wa Nairobi. Sisi tulimwita Akiru, yaani mvua, kwa sababu siku aliyofika mara ya kwanza ilinyesha. Mimi nikawa mkalimani wake.

Akiru akauliza, "Mnahitaji nini?"

Mama mkwe wangu, Nangiro, alijibu kwa Kiturkana, polepole kama anayekamua mbuzi mkaidi. Alisema watu wanahitaji maji. Punda anahitaji, mbuzi anahitaji. Ndege pia, maana tukichota kwenye visima vyetu vya mchanga tunajaza hori la mbao, na mifugo ikishiba tunawaachia ndege yale ya chini. Kisha akaeleza habari ya ewoi, ule mgunga wetu. Mbuzi hula matunda yake, mbegu hutoka na mavi, na boma tukilihama, miti huota humo. "Ukimnyima mbuzi maji," akasema, "umemnyima mti mkunga wake."

Unajua nilitafsiri nini? "Anasema watu wanahitaji maji safi."

Niliona aibu, Mwanangu. Nimwambie msomi habari za mavi ya mbuzi?

Mama akanitazama. "Maneno yangu yalikuwa marefu. Yako mbona mafupi?"

"Kiswahili ni kifupi, Mama."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

Pampu ikajengwa. Saruji safi, ua wa seng'enge, hakuna tone la kumwagika nje. Tulishangilia, tukaacha kuchimba visima vya mchanga, upepo ukavifukia. Kiangazi kilipokaza, mbuzi walinusa maji wakalia kutwa nje ya waya. Sisi tulipanga foleni ya madebe, na pampu ile haikuweza kujaza matumbo ya kundi. Punda wa Mama, aliyekuwa amezaa siku chache nyuma, aliusukuma ua kwa kifua mpaka ngozi ikachanika. Maziwa yakamkauka. Mtoto wake akafa pale pale, anatazama maji.

Tukiwa bado na msiba huo, habari ikaja kwamba watafiti na wafadhili wanakutana Lodwar. Wanataka kuongeza pesa, ua upandishwe uwe imara zaidi, maana mifugo inauharibu.

Mama akasema neno moja tu: "Tunaenda."

Tulipanda lori la mizigo. Ofisini Kiingereza kilikuwa kingi, viti vingi. Mama akakaa sakafuni, akanyoosha miguu, akaniambia, "Haya. Tapika yale uliyoyameza."

Kazi ile ya ukalimani ndiyo iliyolisha nyumba yangu. Nikikiri, nimeipoteza. Nikinyamaza, waya unapanda na kundi la Mama linakwisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha maneno ya mwenzangu, jambo baya zaidi. Nikakiri yote, hata mavi.

Akiru akaweka kalamu chini. "Miezi yote hii!" akasema. "Miezi yote umenikalia kimya!"

Mfadhili mmoja mzee, alipotafsiriwa maneno hayo, akachekelea. "Kwa hiyo tungemwalika punda mkutanoni?"

Mama hakusubiri kicheko kiishe. "Punda hana haja ya kiti. Ana haja ya kuulizwa."

"Anaulizwaje?"

"Unamfuata."

Basi. Walibishana mpaka chai ikapoa, lakini pesa ile haikununua waya. Iliwalipa watafiti, na wachungaji wetu pamoja nao, kufuata mbuzi na punda msimu mzima: wanapita wapi, wanakula nini, wananywa saa ngapi. Akiru alitembea mpaka viatu vikaachama mdomo. Ndipo hori refu likajengwa nje ya ua, na chini yake beseni pana la ndege. Boma la zamani likazungushiwa miiba mpaka miche ya ewoi ikapita kimo cha mbuzi. Kivuli chake umekilalia wewe mwenyewe, ukiwa mdogo.

Mimi nilifutwa kazi. Ilikuwa haki.

Sasa sikiliza. Ile barua yenu irudieni. Mkiandika jamii, mhesabu na mbuzi, na punda, na mti, maana wakiondoka hao hamtabaki nyinyi. Msiombe pesa za saruji kabla ya kuomba pesa za miguu ya kufuata. Mfadhili akikataa, mwelezeni tena, na akikataa tena, mwacheni aende na waya wake. Na wewe uliyesoma, unayesimama katikati ya wazee na wageni, usiyafupishe maneno ya mzee kwa sababu yananuka zizi. Mimi niliyafupisha, na mwanapunda akalipa.

Nenda, Mwanangu. Akuj, Mungu wetu, akutangulie njiani. Kila utakapochimba upate maji matamu, na asubuhi ukute ukingo wa kisima umejaa alama za kwato.