Siku ya Dua ya Kompyuta

Mtanicheka, najua, na mcheke tu, maana hata mie nikiikumbuka siku ile pale Chang'ombe nasikia uso unawaka moto, na ni miaka sasa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, nami nimeposa kwa kina Salma. Salma alikuwa mchapaji kwenye kiofisi cha shangazi yake, Bi Mwanahawa, wanachapa kadi za harusi na mitihani ya shule, na huyo shangazi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya posa yangu (baba mtu alishasema, "Dada akiridhika, mie sina neno"). Kwa hiyo kila nikitoka kiwandani napitia pale na adabu zangu, shikamoo shangazi, kuna mzigo wa kubeba?

Donda langu lilikuwa Idrisa, fundi wa kompyuta. Jamani, yule kijana! Shati limenyooka, ananukia, akiinama kumwelekeza Salma kitu kwenye kioo mabega yanakaribia kugusana, na Salma anacheka, kicheko ambacho mie sijawahi kukipata hata siku moja. Nakaa kwenye benchi la wateja roho inaniuma, najifanya nasoma gazeti.

Basi Bi Mwanahawa akanunua kompyuta mpya, ile ya zamani akapata mtu wa Gongo la Mboto anayeitaka. Akasema kazi zote zihamishiwe kwenye mpya, halafu ya zamani ifutwe kabisa, maana mitihani ya watu ikivuja ni balaa. Salma akasema, "Nitamwita Idrisa, tutashinda naye kutwa nzima." Kutwa nzima! Nikausikia mdomo wangu unasema, "Idrisa wa nini? Mie nimesomea kompyuta." (Kweli nilisoma, wiki mbili, na moja umeme haukuwepo.)

Wakaniachia ofisi. Kwenye kioo kulikuwa na vipicha vidogo, kila kimoja na jina lake: mitihani, harusi, barua. Nikavikokota vyote kwenye disketi, na vyote vikaenea kwenye disketi moja, nafasi ikabaki! Badala ya kushangaa nikajisifu, nikasema kumbe huyu Idrisa huwaga anazungusha kazi makusudi apate kukaa na mchumba wangu. Nikaviweka kwenye kompyuta mpya, vikakaa vizuri, nikarudi kwenye ile ya zamani nikaifuta. Na kwa kuwa niliwahi kusikia fundi mjanja anaweza kufufua kilichofutwa, nikaijaza takataka, nikafuta tena, nikajaza, nikafuta, wallahi nikawa najihisi namfuta Idrisa mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala, Bi Mwanahawa akafanya dua ya kuizindua kompyuta yake. Ubani, halua, kahawa, majirani wamejaa mpaka nje, shehe yupo, na mwalimu mkuu mmoja aliyefuata mitihani yake ya Jumatatu. Dua ilipokwisha, shangazi akasema kwa sauti, "Haya mkwe, tuonyeshe." Mkwe! Mbele za watu! Nikamtafuta Idrisa kwa macho, nikamwona mlangoni, nikamtabasamia kwa dharau, nikabonyeza mitihani.

Kikatokea kikurunzi kwenye kioo, kinamulika huku, kinamulika kule. Nikabonyeza harusi, kikurunzi tena. Barua, kikurunzi.

"Kinatafuta nini?" shehe akauliza.

"Ndo inapata moto, shehe." Jasho linanitiririka.

Idrisa akasogea, akatazama, akaniuliza taratibu, "Braza, ulihamisha hivi vipicha tu? Hivi ni vya kuonyesha njia, nilimwekea Salma asihangaike. Kazi zenyewe zimo ndani ya ile ya zamani."

"Alhamdulillahi," Salma akasema, "basi zipo."

"Nimeifuta," nikasema.

"Usijali, tutazifufua," Idrisa akanitia moyo.

"Nimeifuta na kuifuta tena."

Mwalimu mkuu akaweka kikombe chini. Bi Mwanahawa akanitazama, "Mwanangu, kwa nini hukumwacha fundi afanye kazi yake?" Na mie, sijui shetani gani alinipitia, nikaropoka, "Kwa sababu anamchekesha Salma!"

Mtu mmoja kule nje akaangua kicheko, wakafuata wote, mpaka shehe akajifunika uso kwa mkono wa kanzu. Salma peke yake hakucheka, alijitanda mtandio usoni.

Kazi zote ilibidi zichapwe upya kutoka kwenye nakala za karatasi, na wa kumsaidia Salma alikuwa nani? Mwezi mzima wamekaa kiti kwa kiti, na mie ndiye ninayetumwa vitumbua vyao. Posa iliporudishwa, Salma alikuja kuniambia mwenyewe, bila hasira. "Yule mtu nilikuwa sijui hata kwao wapi. Nilikuwa nacheka tu. Wewe ndiye uliyenikalisha naye."

Siku hizi nina mke, tunaishi Mbagala. Juzi televisheni imeharibika, kaja fundi kijana, mcheshi, mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Moyo ukawaka, lakini nikasema, "Fundi, fanya kazi yako kwa nafasi," nikatoka uani, nikafua nguo zote za nyumba, hata zile safi.