Ufa Nyuma ya Kalenda

Siku hiyo naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu Chebet. Nilikuwa bado msichana tu, nimeolewa hapa Kimulot, na baba yako alikuwa mtoto mchanga, hata kukaa hajui. Babu yako alikuwa kazini Kipkelion. Kwa hivyo nyumba yetu ya kwanza ya mawe niliisimamia mimi, mimi niliyeacha shule darasa la tatu.

Unajua mlima wetu. Ukitaka mahali tambarare pa kujenga, unachimba upande wa juu, udongo unaumwaga upande wa chini. Tulifanya hivyo. Fundi akaangalia, akaniambia, "Mama, huku chini ni udongo ya kumwaga. Msingi lazima ishuke mpaka tupate ardhi yenyewe."

Sikuelewa. Ardhi si ni ardhi? Lakini niliona aibu kuuliza, nisionekane mjinga mbele ya wanaume. Nikajifanya mkubwa: "Fundi, msingi uwe sawa pande zote. Nataka kuingia kabla ya Krismasi."

"Haya. Ni wewe umesema," akajibu, akaokota kamba yake.

Tukaingia. Mvua ya Aprili ilipoanza, ukuta wa chumba cha upande wa chini ukapasuka. Ufa mwembamba kama uzi. Nikaupaka simiti. Ukarudi mpana zaidi, unapanda katikati ya mawe kama ngazi. Ndipo nikafanya jambo ambalo bado linanitia haya: nikatundika kalenda ya kanisa juu yake. Wageni wakawa wanaisifu kalenda.

Asubuhi moja mama mkwe wangu alikuja, mvua ikinyesha. Hata hakuwa ameketi. Aliona kalenda inapepea na dirisha limefungwa. Akaiondoa. Kiganja chake chote kikaingia ukutani. Nikachungulia, nikaona majani ya chai shambani huko nje. Kupitia ukuta, mwanangu!

"Mtoto analala wapi?" akauliza.

Nikanyoosha kidole. Kitanda kilikuwa hapo hapo chini.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. "Umevalisha ukuta nguo ndio nisione, na mjukuu wangu unamlaza hapa?" Akambeba baba yako, akanivuta mkono hadi jikoni, kile kijumba cha udongo cha upande wa juu. Chai haikuwa imechemka tuliposikia mlio. Tukatoka mbio. Ukuta ulikuwa umeanguka, nusu nje, nusu juu ya kitanda. Kablanketi ka mtoto hakakuonekana kwa mawe.

Nilikaa kwa matope nikashindwa hata kulia.

Fundi alipokuja, nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzoni. Alichukua kopo la unga jikoni, limejaa mpaka juu, akaligonga gonga chini. Unga ukashuka vidole viwili. "Udongo ya kumwaga ni hii," akasema. "Mvua ndiyo inagonga." Basi! Ni hayo tu! Mtoto wa nasari angeelewa.

Sasa juzi umenifungulia ramani ya nyumba unayotaka kujenga, ile ya injinia wako. Nikakuuliza huu mstari unaoshuka chini ni wa nini, ukacheka: "Kogo, bibi yangu, hiyo ni mambo ya wataalamu." Nilishtuka mpaka nikaweka kikombe chini. Na umeshaisaini!

Rudi kwa injinia kesho. Usiitikie neno usilolielewa. Mwambie alirudie kwa maneno ya jikoni mpaka wewe uweze kunieleza mimi. Fundi mzuri hakasirikii swali. Anayekasirika, mwache aende zake. Mtaro wa msingi ukichimbwa, shika chuma ukisukume ardhini mwenyewe. Kikizama, waendelee kuchimba. Na siku ukiona ufa, weka alama ya penseli pale mwisho wake. Ufa ukivuka alama, toa watoto kwanza, halafu ndio uite fundi. Usiufunike. Hata na picha ya harusi, usiufunike.

Mungu akupe nyumba ambayo mvua ya Aprili itaipiga na wewe uendelee tu kumimina chai, na watoto wako walale chini ya ukuta wowote wanaoutaka.