Gumba Lililoshika Unywele Tena

Dada zangu, wengi wenu mlioketi hapa vichwa vyenu nimevishika. Kule kibandani kwangu Likoni nilikuwa nasuka asubuhi hadi jioni, na mdomo haupumziki. Mnanijua.

Mwaka jana niliteleza mlangoni nimebeba ndoo ya maji. Gumba la kulia likanasa kwenye mkono wa ndoo, likavutwa kando. Nilisikia kitu kikikatika. Likafura, likawa jeusi. Nikaenda kwa jirani yangu Mama Kadzo, anayekanda watu kwa mafuta ya nazi ya moto, kama tunavyofanya sote mtu akiteguka. Alinikanda wiki mbili. Maumivu yakapungua, nikamshukuru, nikarudi kazini.

Lakini unywele ukaniponyoka. Hata ufunguo sikuweza kuuzungusha. Mteja mmoja nilimsuka, nywele zikafumuka kabla hajafika feri. Niliogopa sana, maana sina kazi nyingine.

Nikaenda hospitali, na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa haujavunjika. Nikadhani nitarudishwa nyumbani. Daktari akashika gumba la kushoto, akalisukuma kando, likagoma. Akashika la kulia. Likaenda tu, kama mlango uliong'oka bawaba.

“Kano inayofunga mifupa hii miwili imekatika,” akasema. “Ncha yake imejikunja nje ya msuli. Haiwezi kurudi yenyewe, hata ukikandwa mwaka mzima.”

Nilimtazama nikashangaa. Kwa vidole viwili tu alikuwa ameona ndani ya mkono wangu!

Siku ya upasuaji nilidungwa sindano kwapani, mkono ukafa ganzi, mimi mwenyewe macho. Nyuma ya pazia nikamsikia daktari akisema, “Hii hapa.” Kisha akaishona mfupani. Na mimi najisifu kwa kusuka nywele! Kumbe Mungu amewapa watu mikono ya kushona huko ndani! Nililia, na si kwa maumivu.

Nilikaa na plasta majuma sita, kisha nikafanya mazoezi ya kubana vibanio vya nguo. Mwezi uliopita nikafungua kibanda. Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Mama Kadzo. Nilipofika mstari wa pili akauliza, “Mwanangu, ni mimi niliyekuharibu?”

Nikamwambia ni ndoo, na kwamba sote hatukujua. Siku hizi akiletewa kidole kilichofura hakigusi. Humpeleka mtu hospitali mwenyewe. Nanyi fanyeni hivyo, mpimwe kabla ya kukandwa.

Mama Kadzo yule pale kiti cha nyuma. Mtazameni kichwa. Mwezi mzima, na hakuna mstari hata mmoja uliofumuka.