Pampu Isiyokufa kwa Kiu

Jacinta Nyakerario alipikia wanafunzi ugali katika shule ya bweni miaka ishirini na miwili. Alipostaafu akarudi kwake Magwagwa na nia moja tu: kuosha magari. Majirani walicheka. Yeye naye akacheka, akaendelea kumwaga kokoto kando ya barabara.

Mashine yake ya kwanza ilikuwa ndogo, ya umeme, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Ilikaa siku tisa. Siku ya kumi ikaanza kukohoa, maji yakawa yanatoka kwa kurukaruka, kisha kimya. Akaifunga kwa leso, akaipeleka sokoni Daraja Mbili kwa fundi Geoffrey, ambaye aliifungulia juu ya gunia, pembeni mwa mikungu ya ndizi.

"Mama, hii imekufa kwa kiu," Geoffrey alisema. "Maji hayakuitosha, ikavuta hewa. Tazama sili, hizi pete za mpira za kuzuia maji, zilivyoungua."

"Kwani ilitaka maji kiasi gani?"

"Lita kumi na mbili kwa dakika. Kila pampu imeandikwa lita zake. Lakini watu husoma nguvu ya msukumo tu. Lita hawana habari nazo."

Jacinta, aliyepima maji ya ugali miaka hiyo yote ya shule, alielewa papo hapo. Kesho yake asubuhi alitega mtungi wa lita ishirini chini ya bomba lake la maji ya chemchemi, simu mkononi ikihesabu dakika. Ukajaa kwa dakika mbili. Lita kumi kwa dakika, basi. Akaandika kumi kwenye kiganja, akashika njia ya Kisii mjini.

Katika duka la mashine, muuzaji kijana aitwaye Lewis alimpeleka moja kwa moja kwenye mashine nyekundu, kubwa, inayometameta.

"Hii ni kiboko, mama! Inang'oa matope na rangi pamoja."

"Rangi ya wateja wangu nataka ibaki. Inakunywa lita ngapi kwa dakika?"

Lewis akainama kusoma. "Kumi na tano."

"Mimi nina kumi. Kichwa cha pampu yake ni cha shaba ama plastiki? Na injini inaizungusha moja kwa moja, ama kwa mkanda?"

Lewis alimtazama upya. Akaenda nyuma ya rafu, akavuta mashine ya kijivu iliyojaa vumbi. Ilikuwa ya petroli, ya lita tisa, kichwa cha shaba, na ilizungushwa kwa mkanda. "Hii inazunguka polepole, haichemki ovyo. Sili zake pia ninazo hapa."

"Na mbona umeificha?"

"Hakuna anayeiuliza, mama. Haina sura."

Jacinta alicheka hadi akashikilia kaunta. Akaichukua hiyo hiyo.

Mteja wa kwanza alikuwa Obwocha, dereva wa lori la majani chai, lori ambalo tangu mvua zianze lilikuwa na rangi ya udongo tu. Jacinta alifunga nozeli pana, mdomo wa kutawanya maji, akasimama hatua kadhaa nyuma, akafinya bunduki ya maji. Pampu ikanguruma bila kukohoa hata mara moja. Matope yakaporomoka mapande kwa mapande, na kwenye mlango wa nyuma zikatokea herufi za buluu: NYAMOITA.

Obwocha akashika kichwa. "Jina la mke wangu! Niliandikisha mwaka tuliofunga ndoa. Nilidhani lilishabanduka."

Akampigia simu. Nyamoita akafika kwa boda boda, kikapu cha chai bado mgongoni. Alisoma, akasoma tena.

"Kumbe miaka hii yote unanizungusha Nyamira nzima nikiwa na matope usoni?"

Watu wote waliokuwa pale wakaangua kicheko, Obwocha mwenyewe akiwaongoza. Nyamoita akaomba bunduki ya maji. Jacinta akamwonyesha namna ya kuikamata kwa mikono miwili, na yule mama akaziosha herufi zake moja moja, kisha akageuka taratibu, bunduki ingali mikononi, upande aliosimama mume wake.