Mtu wa Redioni kwenye Barabara ya Nzilo

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, vumbi la malori lilipoifunika barabara ya Nzilo hata madereva wakawasha taa mchana. Tulikuwa tunampeleka mama mkwe wangu hospitali, Kolwezi. Kifua kilimbana, alipumua kwa shida. Shemeji yangu Ilunga aliendesha. Nilikaa nyuma, nimempakata mgonjwa kichwa.

Ikawaka taa nyekundu ya betri. Kisha redio ikaanza kufifia. Mama mkwe akafumbua macho.

“Ule mutu wa mu redio,” akaninong'oneza, “anaenda wapi?”

Nikatazama mbele. Taa za mbele zilikuwa zimepauka, na ndani ya vumbi lile lori lisingetuona hadi lituponde.

Ilunga akaegesha kando, akafungua boneti, injini ikiunguruma. Kwetu kila mtu alijua jaribio moja: toa kose, kile kibano cha waya kwenye betri, injini isipozimika, alterneta, ile inayochaji betri, ni nzima. Nikashuka kumsaidia, kitenge changu kikining'inia karibu na mkanda unaozungusha alterneta, ulioenda kasi hata ukaonekana umesimama.

“Mutoto, acha ile kose.”

Hatukusikia lori likisimama. Mzee alitoka vumbini, miwani myeusi usoni.

“Tata, tuko na mugonjwa,” Ilunga akasema.

“Naona. Na wewe unataka kumutangulia?”

Akavua miwani. Jicho moja lilikuwa jeupe lote. “Mi nilitosha ile kose, nikaitoa moteri ikiwaka. Cheche moja, betri ikapasuka. Zima. Na wewe mama, funga kitenge.”

“Ikikataa kuwaka?” Ilunga akauliza.

“Nitababeba ninyi wote mu lori.”

Ukimya ulioshuka injini ilipozimwa sijausahau. Hata pumzi ya mama mkwe sikuisikia. Mzee akatoa mfukoni kipimo cha umeme, akagusisha nyaya zake kwenye betri, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi: chini ya volti kumi na mbili. Akabonyeza mkanda kwa dole gumba, ukabonyea kama utambi. Ulikuwa umelegea; akaukaza.

Gari likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, likawaka. Akapima upya, mikono mbali na mkanda. Namba zikapanda, zikakaribia kumi na nne. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mtangazaji, kisha ya mama mkwe, nyembamba:

“Amerudi.”

Tulimfikisha akiwa hai. Yule mzee, pale barabarani tulipogeuka kumshukuru, vumbi lilikuwa limeshamchukua na lori lake.

Kwa hiyo, mwanangu, usitoe kose injini ikiwaka. Ukikwepa cheche, bado unaweza kuunguza alterneta. Funga nguo, weka sigara mbali. Pima injini imezimwa, betri nzima ina kama volti kumi na mbili na nusu. Kisha washa upime tena. Volti zisipopanda, betri haichajiwi; zikipita kumi na tano, inachajiwa kupita kiasi. Mkanda uguse injini ikiwa imelala tu.

Mungu akuachie macho yako yote mawili, na kila unayempakia afike akiwa anaongea.